Gawaneni Kwanza

Sauti ilimfikia Mize Kombo akiwa na kikombe cha chai mkono mmoja na waya mkono wa pili. Ilikuwa kama mvua nzito juu ya paa la bati, ila ilitoka chini, kilindini, mahali ambapo mvua haifiki. Aliweka kikombe mezani bila kutazama, akabana vipokea sauti masikioni kwa viganja vyote viwili, akafumba macho.

"Hao," alisema, na chumbani hakukuwa na mtu. "Hao, hao, hao!"

Akaanza kucheka kama mtu aliyepigiwa simu na ndugu aliyedhaniwa amekufa.

Kituo cha Kati kilisimama juu ya nguzo za chuma katikati ya bahari, mbali na nchi zote, kwenye maji yasiyo na mwenyewe. Mize alikuwa mhandisi wake mkuu. Kazi yake ilikuwa kulitunza Sikio, yaani mamia ya maboya yaliyotawanywa baharini, kila moja likining'iniza uzi mwembamba wa kioo uliosikia mapigo ya mikia ya jodari. Kutokana na mapigo hayo, mashine iitwayo Mgawanyo ilijua samaki ni wangapi na wako wapi, kisha ikatoa ruhusa kwa meli. Meli isiyo na ruhusa, winchi yake haigeuki. Nahodha anaweza kutukana, kusali au kuita fundi, wavu hauteremki.

Mkataba ulikuwa mwepesi kueleweka. Maji hayo yaligawanywa kanda tatu. Magharibi ilikuwa ya Shirikisho la Pwani, ambako Mize mwenyewe alizaliwa. Kaskazini ilikuwa ya Umoja wa Visiwa. Kusini ilikuwa ya Jumuiya ya Mbali, nchi tajiri zisizopakana na bahari hii lakini zenye meli kubwa kuliko za wote. Samaki aliyesikika kwenye kanda yako ni wako. Wakati mkataba unatiwa sahihi jodari walikuwa kila mahali, na hakuna aliyelalamika.

Kisha bahari ikapata joto, na Sikio likawa halisikii kitu. Msimu ukapita, na mwingine ukafuata. Mgawanyo, kwa kuwa ulihesabu sifuri, ukatoa ruhusa sifuri. Wataalamu wakaandika kwamba jodari wamekwisha. Mize peke yake ndiye aliyeshikilia kwamba huenda hawajaisha, ila hawasikiki: maji ya moto ya juu yamelala kama mfuniko wa sufuria, na sauti ya chini inagonga mfuniko huo na kurudi ilikotoka. Ndipo alipolitengeneza upya boya moja, akaurefusha uzi wake hadi ukapenya chini ya joto.

Na sasa alikuwa akiwasikia. Hawakufa. Walikuwa wameshuka kutafuta ubaridi, wengi kuliko walivyopata kuhesabiwa tangu Sikio lianze kazi.

Alifungua ramani kwenye skrini aone wamesimama wapi. Kicheko kikamkatika.

Wote walikuwa kusini. Hapakuwa na hata kundi dogo lililopotea njia likaingia kaskazini au magharibi. Kesho wajumbe wangekutana kituoni, na yeye alikuwa ameapa kuwaambia wote kwa pamoja chochote atakachosikia. Akisema, sheria itawapa Mbali kila kitu, kwa haki kabisa, na Visiwa vitabaki na wali mtupu. Akinyamaza, watu watashinda njaa juu ya bahari iliyojaa chakula.

*

Mjumbe wa Pwani alifika alasiri kwa ndege ya maji. Alikuwa Jaji mstaafu Khatib Makame, kaka wa mama yake Mize, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye nyumbani Pemba hakuna ndoa wala mirathi iliyoamuliwa bila yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Hawakulishi?"

"Wananilisha vya mikebe."

"Mama yako kakuletea halua." Alimkabidhi kifurushi, akaketi, akaufunga mlango kwa mguu. "Nilipokuwa angani niliona boya moja lina gurudumu la uzi kubwa kuliko la mengine. Umewasikia, siyo?"

Mize hakuwahi kuwa hodari wa kuuficha uso wake, na mjomba huyu ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Umewasikia!" Khatib alishika kifua. "Alhamdulillahi. Wako wapi?"

"Nitasema kesho, mbele ya wote."

"Nisikilize kwanza. Kila mmoja sasa anaiona kanda yake ni kaburi. Nikijua walipo, nitamwambia mwenye kanda hiyo tubadilishane, naye atanipa na kunishukuru. Hakuna mtu aliyeibiwa. Wala huna haja ya kusema neno. Mimi nitazitaja kanda, wewe kohoa tu."

"Na Visiwa, mjomba?"

"Visiwa tutawasaidia. Sisi si makatili."

"Tutawasaidia kwa hisani. Na hisani yetu ikichoka?"

Khatib alitikisa kichwa. "Unajua kwetu kukoje siku hizi? Boti zimepinduliwa ufukweni, watoto wanazifanya vibanda vya kuchezea. Kaka yako Hamadi kauza mashine yake ya boti, sasa anabeba matofali. Ulikula nini wewe ukakua hata ukaja kukaa huku?"

"Samaki."

"Basi kohoa."

Koo la Mize liliwasha kwelikweli, kana kwamba limesikia amri. Alimfikiria Hamadi na mabega yake. Ingekuwa sekunde moja tu, na hakuna ambaye angejua. Alibana meno mpaka machozi yakamlengalenga.

"Niwie radhi, mjomba," alisema hatimaye. "Siwezi."

Mzee aliinuka kwa shida, akatoka bila kuaga. Mize alibaki na kifurushi mapajani. Alikuwa amekataa kumwibia mwenye samaki, lakini hilo halikuwalisha watu wa Visiwa, wala watu wa kwao. Kesho angesimama, angesema ukweli kama alivyoapa, na ukweli huo ungewaacha watu na njaa.

Alirudi mbele ya skrini akaitazama mistari mitatu ya kanda. Ilichorwa na watu ambao kila mmoja alijua samaki wake wako wapi. Je, wangechora hivyo kama wasingejua? Swali hilo lilimkalia kichwani, likakataa kuondoka. Mpaka jua linazama alikuwa ameshaanza kuandika amri kwenye mashine.

*

Ukumbi wa kikao ulikuwa na dirisha kubwa lililotazama bahari, na meza ya duara yenye viti vitatu. Khatib alikaa bila kumtazama mpwa wake. Mkabala naye alikaa Kapteni Echati Mroivili wa Visiwa, mwanamke mfupi aliyeendesha meli za mizigo kabla hajaingia kwenye siasa, na ambaye bado alizungumza kama mtu anayeshindana na injini. Uenyekiti wa zamu hiyo ulikuwa wa Bi Henrike Solvang wa Jumuiya ya Mbali. Alikuwa mrefu, mwenye mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, sanifu kuliko cha wote mle ndani.

"Mhandisi," Solvang alisema, "tupe taarifa ya Sikio."

Mize alisimama. "Waheshimiwa, jodari wapo. Hawakufa, wameshuka chini ya maji ya moto. Ni wengi kuliko tulivyowahi kuhesabu."

Echati alipiga meza kwa ngumi, akacheka kwa sauti. Hata Solvang alisahau kalamu yake hewani.

"Wapo kanda ipi?"

"Sitasema sasa."

Kicheko cha Echati kilikoma.

"Taarifa iko ndani ya mashine, nimeifunga," Mize aliendelea. "Jua likizama itajifungua yenyewe, kwenye skrini zenu zote tatu kwa wakati mmoja. Mimi siwezi tena kuizuia, na ninyi hamwezi kuiharakisha. Mkikubaliana au msipokubaliana, mtaiona. Ninachoomba ni mchana huu tu. Gawaneni kwanza, kabla hamjajua samaki wako kwa nani."

"Uliajiriwa kusikiliza," Solvang alisema polepole, "si kututawala."

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Nani amekupa haki hii?"

"Hakuna. Nimeichukua kwa siku moja. Mkimaliza, niadhibuni."

Alikuwa amejiandaa kulisema neno hilo kwa ujasiri, lakini lilimtoka dogo. Katika maisha yake hakuna kitu kilichomtisha kama hiki, kuushika ukweli wa mamilioni ya watu na kuwaambia wasubiri. Akavuta kiti cha pembeni, akakigeuza, akakaa akiutazama ukuta.

"Unafanya nini?" Echati aliuliza.

"Uso wangu hauna siri, Kapteni. Afadhali msiuone."

Nyuma yake alisikia kiti kikisogezwa. Kisha ikaja sauti ya Solvang, baridi kama chuma. "Kabla hatujaendelea. Jaji Khatib, huyu ni binti wa dada yako. Tutajuaje kwamba wewe hujui tayari? Tutakuwa vipofu wawili tukicheza karata na mwenye macho."

Mize aliukazia macho msumari mmoja ukutani. Mjomba angeweza kukasirika, kudai heshima yake, kutoka nje, na mambo yote yangeishia hapo.

"Jana nilimwendea," Khatib alisema. Sauti yake haikuwa ile ya barazani. "Nilimwomba anionyeshe. Nilimtajia njaa ya kaka yake. Alilia, na akaninyima. Mimi ni jaji, Bi Solvang. Nimewafunga watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Sijui samaki walipo, na aibu hii ndiyo ushahidi wangu."

Kisha Solvang akashusha pumzi. "Basi sote ni vipofu."

"Sote," Echati alisema. "Tuanze."

Haikuwa kazi nyepesi. Solvang alitaka mgawanyo ufuate uvuvi wa zamani, kila mtu apewe kwa kadiri alivyozoea kuvua. Khatib alitaka ufuate wingi wa watu wa pwani. Kila hoja iliyowekwa mezani, mwenyewe alilazimika kujiuliza itamfanyaje ikiwa samaki wako kwa mwenzake, na mara mbili Mize alimsikia mtu akianza sentensi na kuiacha njiani.

"Kwetu hatuna mashamba," Echati alisema adhuhuri, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Tuna mawe na bahari. Nimetoka hospitali juzi. Wodi nzima ya watoto, nywele zimewageuka nyekundu kwa njaa. Hao hawasubiri siasa."

"Unadhani njaa ni yenu peke yenu?" Solvang alijibu. "Nina miji iliyoishi kwa viwanda vya samaki. Wanawake waliokata jodari tangu usichana wao, leo wanapanga foleni ya supu. Wananiita msaliti barabarani."

"Sikujua hilo."

"Hukuwahi kuuliza. Nami sikuwahi kukuuliza habari za wodi yako."

Tangu hapo mazungumzo yalibadilika. Echati ndiye aliyetangulia. "Fungu la kwanza liwe la bahari yenyewe. Wanaotaga mayai wasiguswe, la sivyo tunagawana mwisho wetu." Hakuna aliyepinga. Khatib akasema fungu la pili liende kwa vinywa, na anayekula samaki kwa kukosa kingine atangulie. Hapo walibishana mpaka mwanga ukaanza kuwa wa njano ukutani mbele ya Mize. Solvang akaomba fungu la tatu liwe la vyombo, ili mwenye meli na mabaharia apate ujira wa jasho lake, hata akivua kwa niaba ya wengine.

"Na kanda?" Khatib aliuliza.

"Zifutwe," Solvang alisema. "Kama samaki wako kwangu, mniombee nisilie."

Walitia sahihi kwa viganja juu ya kioo cha meza, nacho kikalia kila kiganja kilipogusa. Khatib kwanza, kisha Echati. Solvang aliuweka mkono wake hewani, juu kidogo ya kioo, na Mize alijua, bila kuona, kwamba mwanamke yule alikuwa akiitazama shingo yake. Aliibana isitikisike.

Kioo kikalia mara ya tatu.

*

Jua lilipogusa maji, sauti ile ya mvua juu ya bati ilijaa ukumbini. Skrini tatu ziliwaka pamoja. Juu ya ramani nuru ilianza kujikusanya, ikajikusanya zaidi, yote upande mmoja, mpaka kusini kukawa kweupe kama unga uliomwagika. Kwingine kote kulibaki giza.

Khatib alisema "Lahaula" kwa sauti ya chini. Echati alisimama, akaegemea meza.

"Wangu," Solvang alisema. "Walikuwa wangu wote."

Kwa mkataba, sahihi inaweza kufutwa kabla mwenyekiti hajafunga kikao. Wote wanne walilijua hilo. Na kitu kingine kilionekana wazi kwenye skrini: kina kile hakifikiwi na nyavu za Pwani wala za Visiwa. Meli za Mbali pekee ndizo zenye kamba ndefu kiasi hicho. Solvang angeweza kuifuta sahihi yake, na hakuna mtu duniani ambaye angekuwa na la kumfanya.

"Mhandisi. Geuka."

Mize aligeuka. Shingo ilimuuma.

"Ulipokaa kwenye kiti hicho ulijua unaninyang'anya."

"Nilijua, Mheshimiwa."

"Na kama wangekuwa magharibi, kwa mjomba wako?"

"Ningekaa kiti hikihiki."

Solvang alimtazama Khatib, kisha Echati, kisha akaitazama bahari dirishani, ambako meli za pande zote tatu zilikuwa zimetia nanga zikisubiri, winchi zao zimekufa ganzi.

"Mchana kutwa nilikuwa na wazo moja," alisema. "Nilijiambia, wakiwa kwa Pwani, nitawadai mpaka samaki wa mwisho, kwa sababu wametia sahihi. Wakilia, nitawaonyesha viganja vyao. Siwezi kuwa mtu yule mchana na mtu mwingine jioni." Alichukua nyundo ndogo ya mwenyekiti. "Mhandisi alituficha taarifa kwa siku nzima bila idhini. Napendekeza aandikiwe onyo kali."

"Naafiki," alisema Khatib, machozi yakimtiririka mashavuni.

"Naafiki," Echati alinguruma. "Liwe kali kwelikweli! Liwekwe na fremu!"

Nyundo ikagonga. Kikao kikafungwa.

Mgawanyo ulisoma sheria mpya kwa kufumba na kufumbua. Nje, taa za kijani ziliwaka kwenye winchi ya meli ya kwanza, ya pili, ya kumi, kisha kote, kama mji uliorudishiwa umeme. Honi zikaanza. Mabaharia wa bendera tatu walitoka sitahani wakirusha kofia, wakipigiana kelele kwa lugha ambazo hawakuelewana. Mize aliegemea dirisha. Mjomba wake alikuja akasimama kando yake.

"Ile halua umeionja?" aliuliza.

"Bado, mjomba."

"Ilete tule," alisema, akamshika bega. "Leo mimi nakula mkononi mwako."

*

Meli iliyoshusha wavu wa kwanza ilikuwa ya Jumuiya ya Mbali, mlima wa chuma wenye bendera ya buluu, na mzigo wake wa kwanza ulikuwa fungu la vinywa. Echati alisisitiza Mize asafiri nayo. Walikaribia mji mkuu wa Visiwa asubuhi, jodari wamepangwa kwenye barafu ghalani, migongo yao iking'aa kama chuma kilichopigwa msasa.

Nahodha alikuwa na wasiwasi. Mara ya mwisho meli yenye bendera ile kuingia bandari hii, alisema, vioo vyote vya mbele vilivunjwa kwa mawe. Aliwaamuru mabaharia wavae kofia ngumu.

Gati lilikuwa limejaa. Watu walikuwa juu ya kontena, juu ya magari ya barafu, juu ya paa la ofisi ya forodha. Wanawake walikuwa na mabeseni vichwani. Walimu walikuwa wamefunga shule. Meli ilipunguza mwendo, na kelele zote zikazima, watu wakabaki wanaitazama bendera ya buluu ikikaribia.

Baharia wa mbele, kijana mwenye madevu mekundu, aliirusha kamba ya kwanza huku ameinamisha kichwa, akingoja jiwe.

Kamba ilidakwa kabla haijagusa saruji. Mikono isiyohesabika iliigombania, wazee kwa vijana, wanawake wakitupa mabeseni chini ili wapate pa kushika. Mtu akaanza kuimba, wote wakapokea. Wakavuta kwa pamoja, kwa mdundo mmoja, na ile meli kubwa, injini zake zimezimwa, ikaja nyumbani kwao.